Mwanafunzi na Habari za Soko la Ajira: Tumfundishe Kusoma, Tusimchagulie



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali moja huzunguka nyumba hadi nyumba: kozi gani ina soko? Mzazi humuuliza mwalimu, mwalimu humuuliza jamaa yake aliye chuoni, na kijana huuliza kwenye makundi ya WhatsApp. Majibu hayakosekani. Mwaka huu ni famasia, mwakani ni ualimu wa sayansi, mwaka unaofuata ni kompyuta. Kijana huchukua jibu lililosemwa kwa sauti kubwa kuliko mengine, akajaza fomu, na miaka minne au sita baadaye tunamkuta mtaani akitembeza bahasha ya kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Jambo ninalolitetea jioni hii ni hili: shule isijitwike kazi ya kulijibu swali hilo kwa niaba ya mwanafunzi. Impe stadi ya kuzitafuta habari za soko la ajira, kuzipima na kuzitumia yeye mwenyewe, maana atazihitaji tena akiwa na miaka 25, na tena akiwa na miaka 40, wakati sisi walimu wake hatupo karibu. Stadi hiyo inafundishika, na vifaa vyake vingi tunavyo tayari. Kinachokosekana ni sisi kuamua kwamba nayo ni sehemu ya kazi yetu.

Uamuzi mkubwa katika muda mfupi

Tutazame kwanza uzito wa uamuzi wenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania hujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi (michepuo ya masomo) za kidato cha tano na kozi za vyuo. Mara nyingi ana miaka 16 au 17. Kwa miaka mingi wanafunzi walichagua katika orodha fupi ambayo sote tuliijua kwa moyo: PCM, PCB, CBG, EGM, HGE, HGL, HKL na nyingine chache. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65. Tangu Januari mwaka huohuo baadhi ya shule zimeanza kufundisha mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, kuanzia kidato cha kwanza, sambamba na mkondo wa jumla, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Juu ya hayo kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kuna vyuo vya kati vinavyosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na baadaye kuna mamia ya shahada zinazopitishwa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Milango imeongezeka, nami naishukuru hatua hiyo. Lakini milango ikiongezeka bila mtu kuelezwa kilichoko nyuma ya kila mmoja, anayefaidika ni mtoto ambaye nyumbani kwao kuna mhandisi, daktari au mhasibu wa kumwongoza. Mtoto wa mkulima wa Kilwa au wa mvuvi wa Ukerewe hubaki na mwalimu wake peke yake. Mwalimu huyo naye ana vipindi vya kutosha, ana madaftari ya kusahihisha, na huenda hajapata kuhudhuria hata semina moja ya unasihi wa kazi. Hivyo suala hili ni la haki kabla halijawa la uchumi.

Nguzo tatu, na moja tuliyoiacha

Unasihi wa kazi kama taaluma una historia inayojulikana. Mwaka 1908, katika mji wa Boston nchini Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Kitabu chake kuhusu kuchagua kazi kilitoka mwaka 1909, yeye akiwa amekwisha kufariki. Parsons alisema uamuzi wa busara unasimama juu ya mambo matatu: mtu ajijue mwenyewe, aijue dunia ya kazi, kisha afikiri kwa makini jinsi mawili hayo yanavyohusiana.

Nguzo ya kwanza tunaifanyia kazi kiasi. Tunamuuliza mtoto anapenda nini, tunatazama alama zake, tunamwambia ana kipaji cha hesabu au cha lugha. Ya pili tunaipita haraka haraka, kwa siku moja ya mgeni mwalikwa anayekuja na suti kusimulia jinsi alivyofanikiwa. Ya tatu hatuifundishi kabisa. Ndiyo maana vijana wetu wengi wanajua wanachokipenda lakini hawajui kazi hiyo inafanyika wapi, inaajiri wangapi, inalipa vipi, na inamtaka mtu awe na nini siku ya kwanza anapofika.

Somo la gesi ya kusini

Kwa wale wanaodhani kwamba tatizo ni ukosefu wa habari tu, nawaomba tukumbuke yaliyotokea kusini. Kuanzia mwaka 2010 kampuni za kigeni ziligundua gesi nyingi chini ya bahari karibu na pwani ya Mtwara na Lindi. Habari zilijaa magazetini na redioni. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana, kwa uchungu mkubwa, wakipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na bomba hilo likazinduliwa Oktoba 2015. Mafuta na gesi yakawa jibu la swali la kozi yenye soko. Vyuo vikuu, vikiwemo cha Dar es Salaam na cha Dodoma, vikawa na shahada za petroli, na vijana wenye alama nzuri wakazikimbilia.

Sasa tuhesabu miaka. Kijana aliyeingia kidato cha tano mwaka 2012 alimaliza kidato cha sita mwaka 2014. Akasoma uhandisi miaka minne, akahitimu 2018. Katikati ya safari yake, kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2014, bei ya mafuta duniani iliporomoka na kampuni zikapunguza matumizi. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kuwa kimiminika, kilichotarajiwa kujengwa Likong'o, Lindi, hakikuwepo alipohitimu. Makubaliano ya awali baina ya Serikali na kampuni za Equinor na Shell yalitiwa saini Juni 2022, na hayo nayo yalikuwa hatua ya mazungumzo. Ujenzi ulikuwa bado. Habari alizosikia kijana yule mwaka 2012 zilikuwa za kweli: gesi ilikuwepo, na ipo. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha kuzisoma.

Wakulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, wanaujua mkasa huu kuliko wachumi. Tenga likipanda bei msimu huu, kila mtu hupanda nyanya. Mavuno yakiiva kwa pamoja, bei huanguka na nyanya huozea njiani. Mwaka 1976 mwanauchumi wa Marekani, Richard Freeman, alionyesha mzunguko wa namna hiyohiyo katika soko la wahandisi wa nchi yake. Mishahara ikipanda, wanafunzi humiminika kwenye uhandisi. Wakihitimu kwa wingi baada ya miaka kadhaa, mishahara hulegea, wadogo zao hukimbia, na baadaye wahandisi huadimika upya. Chanzo chake ni muda unaopita kati ya siku ya kuchagua na siku ya kuingia kazini.

Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma angeuliza mradi uko katika hatua gani. Ugunduzi unaajiri wataalamu wachache wa miamba, wengi wao wageni. Ujenzi unaajiri maelfu, lakini kwa miaka michache: wachomeleaji, madereva, wapishi, mafundi umeme. Uendeshaji unaajiri wachache kwa muda mrefu. Reli ya kisasa ya SGR inapita hatua hizo mbili za mwisho, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, nalo halizikwepi. Kijana anayelijua hilo hujipanga mapema. Akisomea uchomeleaji wa kiwango cha juu kwa ajili ya bomba, anajua tangu mwanzo kwamba bomba lina mwisho, na kwamba cheti chake kitamfaa pia kwenye matangi, meli, majengo ya chuma na migodi. Anachagua ujuzi unaovuka kutoka sekta moja hadi nyingine, naye anabaki na kazi hata mradi mmoja ukikwama.

Maswali matano ya kufundisha

Nimeona yanafaa maswali matano, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyashika na kuyatumia maisha yake yote.

La kwanza: nani kasema, na lini? Chuo kinachotangaza kwamba kozi yake ina soko kinauza kozi hiyo, kwa hiyo mwanafunzi adai ushahidi: wahitimu wa mwaka juzi wako wapi? Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi, na ndio picha pana kuliko zote tulizo nazo. Lakini umefanyika mwaka 2006, ukafanyika 2014, kisha 2020/21. Takwimu zake ni za kuaminika kuhusu mwelekeo wa nchi nzima, na ni za zamani mno kwa mtu anayetaka kujua nani anaajiri mwezi huu. Tangazo la gazetini au la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ni la leo, lakini linaonyesha kipande kidogo tu. Kila chanzo kina kinachokijua na kisichokijua. Na tangazo linalomtaka mwombaji atume pesa kwa simu kabla ya usaili, mwanafunzi afundishwe tangu shuleni kuliepuka, na kuuliza kwa TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote pasi yake ya kusafiria kwa ahadi ya kazi Oman au kwingineko Ghuba.

La pili: nafasi ngapi kwa waombaji wangapi? Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70, waliofika walizidi 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikuwa na nafasi 1,596, na maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027. Mwalimu wa hesabu awape wanafunzi tarakimu hizo za TRA wagawanye wenyewe: waombaji takriban 85 kwa kila nafasi moja. Kisha awaulize swali linalofuata, ambalo ni gumu zaidi: je, uwiano huo ni uleule kwa kila kada iliyotangazwa? Mwanafunzi akitambua kwamba ndani ya tangazo moja kada moja inaweza kugombewa na maelfu na nyingine na wachache, atakuwa amejifunza kitu ambacho watu wazima wengi hawakijui.

La tatu: ni hitaji au ni nafasi? Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia. Wanasikia kwamba nchi ina upungufu wa walimu na wahudumu wa afya, na ni kweli kabisa. Ingia darasa lenye watoto mia moja au zahanati yenye muuguzi mmoja utaona. Lakini upungufu haugeuki ajira mpaka Serikali itenge mshahara katika bajeti na kutoa kibali cha kuajiri. Ndiyo maana nchi inaweza kuwa na wodi zisizo na daktari na madaktari wasio na wodi kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 ajira serikalini zilipungua sana wakati wa uhakiki wa vyeti na wa watumishi hewa, na wahitimu wa miaka hiyo wanakumbuka walivyosubiri. Simwambii kijana aache ualimu au uuguzi, kazi ambazo bila hizo taifa haliendi. Namwambia aulize ni nani atakayemlipa, na kama hakuna, atafanya nini miaka miwili ya mwanzo.

La nne: ni habari ya mwaka mmoja au ya miaka mingi? Chukueni utalii. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, wakashuka hadi takriban 620,000. Waongoza watalii wa Arusha na Moshi waliuza magari, wapishi wa hoteli za Zanzibar wakarudi vijijini. Kufikia mwaka 2023 watalii walikuwa milioni 1.8. Aliyetazama mwaka 2019 peke yake aliingia bila tahadhari, na aliyetazama 2020 peke yake alikimbia mapema mno. Aliyechora mstari wa miaka yote aliona mambo mawili kwa pamoja: sekta inakua, na sekta ina hatari. Mtu wa namna hiyo anasomea utalii na lugha ya tatu, na pembeni anakuwa na ujuzi wa pili wa kumvusha mwaka mbaya.

La tano: kipato gani kinabaki mkononi? Hili lina utamu wake darasani, naomba nilikalie kidogo.

Mshahara wa shilingi 800,000

Mwalimu aandike ubaoni: mhitimu wa shahada, aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ameajiriwa katika kampuni binafsi kwa mshahara wa 800,000 kwa mwezi. Wanafunzi wakiulizwa atapokea ngapi, wengi watajibu laki nane.

Twende pamoja. Mchango wake wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 10, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 anatozwa asilimia 8, yaani 20,000. Zilizobaki 200,000 zinatozwa asilimia 20, yaani 40,000. Kodi yote ni 60,000. Mkopo wa elimu ya juu unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Jumlisha makato, toa: anabaki na 540,000.

Darasa litanyamaza kwa muda, kisha maswali yataanza kumiminika, na hapo ndipo kujifunza kunapoanzia. Chumba Dar es Salaam ni kiasi gani, na nauli ya kwenda na kurudi? Je, fundi wa viyoyozi aliyesoma VETA, asiyedaiwa mkopo wa chuo kikuu na aliyeanza kazi miaka kadhaa kabla, anabaki na ngapi? Na katika ule upande wa pili wa hesabu, nini kinapatikana ambacho hakimo kwenye 540,000: akiba ya uzeeni, likizo yenye malipo, nafasi ya kupanda cheo? Hakuna jibu moja, wala mwalimu asilazimishe liwepo. Mwanafunzi anajifunza kulinganisha kazi kwa uzima wake wote, badala ya kulinganisha tarakimu ya juu tu.

Palepale mwalimu aongeze somo la wastani. Vijana watano wamemaliza kozi moja. Wanne wanapata 300,000 kila mmoja, wa tano ana biashara inayomwingizia 3,800,000. Wastani wao ni milioni moja kamili, na hakuna hata mmoja kati yao anayepata milioni moja. Mtoto akilielewa hilo, tangazo linalosema wahitimu wetu wanapata wastani wa kiasi fulani halitamyumbisha tena. Atauliza aliye katikati anapata ngapi.

Tangazo la kazi kama kitabu cha kiada

Njia nyepesi kuliko zote ya kuanza ni tangazo la kazi. Dakika 40 zinatosha. Mwalimu akusanye matangazo ya magazetini au yaliyobandikwa ofisi ya kata, agawe matano kwa kila kikundi, na wanafunzi wachore jedwali: kazi gani, mahali gani, elimu gani, uzoefu wa miaka mingapi, stadi gani nyingine zimetajwa.

Vikundi vikisoma majedwali yao, mambo hujitokeza yenyewe. Kompyuta inatakiwa hata kwa karani wa ghala. Kuandika ripoti kunatakiwa kwa fundi. Leseni ya udereva inarudi mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Na lile sharti linalowakatisha tamaa wahitimu, uzoefu wa miaka miwili au mitatu, liko karibu kila mahali. Hapo mwalimu asiishie kusikitika nao. Awaulize: uzoefu unapatikana wapi kabla ya ajira? Ndipo wanapopata sababu ya kusikia habari za mafunzo tarajali, uanagenzi, kujitolea, na mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo, wakiwa bado na miaka ya kujipanga.

Hatua ya mwisho ya kipindi ni kila mwanafunzi kuchagua tangazo moja na kulisoma kinyumenyume, kutoka siku ya usaili hadi leo. Ili nifike hapo nahitaji diploma. Ili niipate diploma nahitaji ufaulu katika fizikia. Fizikia yangu sasa ni F. Kwa hiyo muhula huu nifanye nini? Mpango wa kazi wa namna hiyo unampa mtoto sababu ya kufungua daftari jioni ya leo.

Kazi zisizotangazwa

Matangazo hata hivyo yanaeleza sehemu ndogo ya maisha yetu. Kilimo bado ndicho kinachoshikilia Watanzania wengi kuliko sekta nyingine yoyote, na mijini watu wengi wanaishi kwa biashara ndogo na ufundi. Kazi hizo hazitangazwi popote. Habari zake ziko mtaani, na anayezitaka lazima atoke azifuate.

Mwanafunzi atazame nyumba zinazojengwa mtaani kwao. Madirisha yaliyokuwa ya mbao sasa ni ya aluminiamu na vioo. Hakuna aliyetoa taarifa rasmi, lakini mafundi seremala wanajua wateja walikokwenda, na vijana waliowahi kujifunza kukata aluminiamu wanajua walikotoka. Hiyo nayo ni habari ya soko la ajira.

Mpeni basi kazi ya wiki moja: amhoji mtu mmoja anayejitafutia riziki, kwa heshima, saa ambayo hana wateja wengi. Fundi friji, mama lishe, msusi, mfugaji wa kuku, mwenye duka la dawa za mifugo. Amuulize alijifunzaje kazi yake na kwa muda gani. Alianza na mtaji kiasi gani na aliupata wapi. Kodi ya fremu ni ngapi, je, alidaiwa kilemba cha kuachiwa fremu, leseni ya biashara anailipia wapi. Miezi gani kazi huwa nyingi, na ipi humlazimu kukopa. Nini kimebadilika tangu aanze. Na angekuwa kijana leo, angejifunza nini cha ziada. Watu hawa huulizwa mara chache kuhusu ujuzi wao, na ukiwauliza hufunguka. Mahojiano 40 ya darasa moja, yakiwekwa kwenye daftari moja, ni utafiti wa soko la ajira la kata hiyo, na hakuna ofisi yoyote Dodoma iliyo nao.

Je, habari zinabadilisha chochote?

Kuna ushahidi. Mchumi Robert Jensen aliwachunguza wavulana wa darasa la nane katika Jamhuri ya Dominika. Wengi wao walidhani mtu akimaliza sekondari kipato chake huongezeka kidogo tu, chini sana ya ukweli. Kundi moja likaelezwa tofauti halisi ya kipato. Katika miaka minne iliyofuata, walioelezwa walisoma shule kwa wastani wa miaka 0.20 hadi 0.35 zaidi ya wenzao. Maelezo mafupi, gharama ndogo, matokeo ya kuonekana. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2010.

Lakini someni hadi mwisho, kama tunavyotaka watoto wafanye. Waliofaidika ni wale wenye hali afadhali. Kwa familia maskini kabisa habari hazikuongeza kitu, kwa sababu kujua faida ya shule hakumpi mtu ada. Hilo linatufunza kwamba habari za soko la ajira zisitolewe zikiwa uchi. Mwanafunzi akielezwa kazi fulani, aelezwe palepale njia ya kuifikia na gharama yake: ada ya chuo, masharti ya mkopo, kozi fupi za VETA, mwaka ambao anaweza kusoma huku akifanya kazi. Tukimwonyesha mlango bila kumwonyesha ngazi, tumemwongezea majonzi tu.

Wasichana wanastahili uangalifu wa pekee. Mara nyingi habari wanazopewa zimechujwa kabla hazijawafikia, kwa kudhaniwa kwamba umeme, magari na migodi haviwahusu. Mpeni msichana orodha nzima na tarakimu zote, achague yeye.

Tuanzie wapi

Hakuna haja ya somo jipya kwenye ratiba iliyokwisha kujaa. Hesabu za makato na wastani ziingie kwenye hisabati. Sekta za uchumi na sababu za viwanda kuwa mahali fulani ziingie kwenye jiografia. Mahojiano, barua ya maombi na kusoma tangazo kwa kina viingie kwenye Kiswahili na Kiingereza. Mwalimu wa unasihi awe mratibu wa kazi hiyo, wenzake wakiwa pamoja naye.

Wakuu wa shule, nawaomba jambo moja mahususi. Kila shule iwatafute wahitimu wake wa miaka mitano iliyopita kwa simu na iandike wako wapi: nani yuko chuoni, nani kaajiriwa, nani kajiajiri, nani bado anahangaika, na kila mmoja alipitia njia gani. Vyuo vya ufundi hufanya ufuatiliaji wa namna hii. Sekondari nazo zinaweza, na kwa gharama ya vocha. Mtoto atasadiki zaidi safari ya dada aliyekaa dawati lilelile kuliko hotuba ya mgeni mwalikwa.

Wazazi, kijana wenu akija na habari za kozi, msimpokee kwa ndiyo au hapana ya haraka. Muulizeni yale maswali matano. Akijibu matatu vizuri, amekwisha kuwazidi watu wengi wanaomshauri.

Najua wapo wanaohofu kwamba kwa kufanya hivi tutaigeuza elimu kuwa soko. Hofu hiyo ni ya heshima. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomwandaa mtoto kwa mtihani na kwa kazi ya ofisini tu, ikamtenga na jamii yake. Lakini alitaka pia shule impe mtoto uwezo wa kuchunguza mazingira yake, kufikiri na kujiamulia. Kuhoji tangazo, kupima takwimu, kumsikiliza fundi wa mtaani na kupanga maisha kwa ukweli uliopo ni kujitegemea kwa maana hiyohiyo. Kijana anayejua kulisoma soko hatawaliwi na soko. Anaweza kuchagua ualimu wa kijijini akijua mshahara wake, au uchoraji akijua ugumu wake, na uchaguzi huo utakuwa wake kweli.

Muhula ujao utakapoanza, kila shule iliyowakilishwa hapa inaweza kuanza na kipindi kimoja, darasa moja, matangazo ishirini na daftari la mahojiano. Haihitaji waraka wala bajeti mpya. Inahitaji mwalimu mmoja aliyeamua kwamba wanafunzi wake hawatajaza Selform kwa kubahatisha. Nawaomba mwalimu huyo awe wewe.